Donati za Asali

Mama Pacha ndiye aliyeliona lengelenge; mwenye mguu hakuwa na habari. Alikuwa amepiga magoti sakafuni kama alivyozoea kila mchana mume wake anapotoka kwenye tanuri, akimvua viatu, naye mume amejilaza kitandani na unga bado umemganda kwenye nyusi. Soksi ya kushoto iligoma kutoka. Aliivuta taratibu, ikaja na ngozi.

"Baba Pacha, umeungua lini?"

"Nimeungua wapi?"

"Hapa juu ya mguu, karibu na vidole. Huoni?"

Mume aliinuka kwa viwiko akautazama mguu wake kama anayeonyeshwa mguu wa jirani. Alifikiri kidogo, akakumbuka. Alfajiri, wakati anakaanga donati, chujio lilimponyoka na mafuta yakaruka. Aliyaona yakiruka, lakini kwa kuwa hakusikia kitu alidhani yameishia sakafuni, akaendelea na kazi yake.

"Wala haliumi," alisema, tena kwa furaha, kana kwamba hiyo ndiyo habari njema.

Mama Pacha aliogopa. Aliiweka soksi chini. Mafuta yale yanayogeuza unga mweupe kuwa kahawia kwa muda wa kupepesa macho yalikuwa yameingia kwenye kiatu cha mume wake, na mume wake hakujua.

"Kesho twende kliniki."

"Kesho ni kesho gani? Jumamosi tunazindua donati zangu. Na bwana afya akisikia nina kidonda atanitoa jikoni, unajua mwenyewe." Alijilaza tena. "Nipake dawa, nivalishe soksi nyingine. Nitapona humuhumu ndani ya kiatu."

Humo chumbani hapakuwa na mahali pa kupigia kelele, kwa hiyo Mama Pacha alichukua dawa akampaka. Ukuta wa nyuma wa chumba ulikuwa ndio ukuta wa tanuri la bekari, na ulikuwa wa moto saa zote, hivi kwamba pacha wao wawili wa kike walikuwa wakilala wamejikunyata upande wa mlango. Harufu ya sukari inayoungua iliingia kwenye nguo, kwenye shuka, kwenye nywele. Chini ya kitanda palikuwa na kiroba cha sukari nyeupe na ndoo ya mafuta ya mgando, kwa sababu Tajiri, mwenye bekari, alilipa mishahara miwili: mmoja wa fedha, ambao ulikuwa mwembamba, na mwingine wa vitu, ambao ulikuwa umenona kupita kiasi. Kwenye nyumba ile mtu angeweza kukosa mchicha wiki nzima, lakini sukari asingeikosa hata angeikimbia.

Na chumba kilifuata tanuri. Hivyo ndivyo walivyosema wafanyakazi, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Anayesimama mbele ya tanuri ndiye anayelala nyuma yake. Fundi aliyewatangulia alipoharibika mgongo alipewa mkono wa heri, mfuko wa unga na msaada wa kubebewa godoro. Alama za miguu ya kitanda chake zilikuwa bado sakafuni. Mama Pacha alizipiga deki kila siku na hazikutoka.

*

Mtaani Baba Pacha walimwita Fundi Krimu, na ugonjwa wa kisukari ulipomshika walisema ameutafuta mwenyewe kwa ulafi. Huo ulikuwa uongo, na ukweli lazima usemwe. Daktari alipomwambia aache sukari, Fundi aliacha. Aliacha kwenye chai, aliacha soda, na krimu akawa anaionja kwa ncha ya ulimi na kuitema kwenye kopo, huku wenzake wakimcheka. Alikonda kwa huzuni. Mtu ambaye maisha yake yote mikono yake imetengeneza utamu wa harusi za wengine akawa anakunywa chai chungu, akitazama ukuta.

Kisha siku moja akarudi kutoka kazini akiwa na donati mbili kwenye karatasi na macho yaliyojaa machozi. Alikuwa amezitengeneza mwenyewe kwa mbinu yake. Ndani, badala ya sukari nyeupe, ametia asali. Juu amezipaka sukari ya kahawia iliyoyeyushwa. Na badala ya mgando amezikaanga kwa mafuta ya nazi. Vitu vya asili vitupu. "Onja," alimwambia mke wake. "Hizi naweza kula." Walikula pamoja wamekaa kitandani, na tangu siku hiyo Mama Pacha naye akawa anamkorogea asali kwenye chai, vijiko vilivyojaa mpaka vinamwagika, kwa kuwa dawa haipimwi kwa ubahili. Hakuna kitu alichowahi kufanya kwa mapenzi zaidi ya kile.

Tajiri alionja pia. Alionja moja, akala tatu, kisha akaagiza bango. Lilikuja limeandikwa kwa herufi za kijani: DONATI ZA AFYA, HAZINA SUKARI. Jumamosi ingekuwa siku ya kuzindua, na Fundi mwenyewe angesimama mbele ya watu aseme: mimi ni mgonjwa wa kisukari, na hizi nakula.

*

Kliniki Mama Pacha alikwenda peke yake, kuchukua vidonge, maana tanuri halikumruhusu mumewe kutoka. Kwenye benchi aliketi na mwalimu mmoja mstaafu, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi sikioni, ambaye walishazoeana kwa kukutana palepale. Mwalimu alikuwa amefungwa bendeji mguuni. Kidole chake kidogo walikikata mwaka uliopita na alipenda kukitania.

"Mwanangu, nimelisikia jambo lenu. Tangu Jumatatu nahesabu siku kama mtoto anayesubiri likizo. Mume wako ametukumbuka sisi tuliotupwa."

"Karibu sana, Mwalimu," Mama Pacha alisema, akajisikia fahari.

Mwalimu aliitwa chumba cha kufungwa vidonda. Mara alipoingia tu, muuguzi mmoja mfupi mwenye sauti ya mnadani akaburuta meza mpaka katikati ya wagonjwa, akapanga juu yake chupa na vifuko. Upande mmoja mafuta: ya alizeti, mawese mekundu, nazi, siagi, mgando. Upande wa pili sukari nyeupe, sukari ya kahawia, sukari guru na chupa ya asali.

"Haya, tuanze na wagomvi wa upande huu," alisema akiyagonga mafuta kwa kalamu. "Nani anasema hapa kuna yasiyonenepesha? Hakuna. Kijiko kwa kijiko, yote yananenepesha sawasawa. Tofauti ni yanavyokwenda kukaa kwenye mishipa yako. Haya ya alizeti hata uyaweke kwenye baridi hayagandi. Haya mekundu yana vitamini ya macho, lakini wengi wenu mnayachoma mpaka yanatoa moshi na rangi inatoweka, sasa mnakula nini? Na mgando, siagi na nazi, hawa watatu ni ndugu. Wanaganda. Moyo wenye shida hauwataki kila siku."

"Hata nazi, dada?" aliuliza mzee mmoja. "Nazi si inatoka mtini?"

"Na tumbaku inatoka wapi, baba?"

Watu walicheka. Muuguzi akahamia upande wa pili, na hapo Mama Pacha akaacha kucheka. Sukari ya kahawia, alisema muuguzi, ni ileile nyeupe iliyobakishiwa utomvu wake mweusi. Madini yake ni kidogo mno. Ukitaka yakufae ule ndoo nzima, na ndoo itakuwa imekumaliza kabla. Guru hivyohivyo. "Na hii asali ndiyo inayotuletea watu hapa wamebebwa. Asali ni nzito. Kijiko chake kina sukari nyingi kuliko kijiko cha sukari yenyewe. Kwenye damu vyote vinagonga mlango mmoja."

Mama Pacha alijikuta amesimama. "Samahani, dada. Na mtu akichanganya? Asali ndani, ya kahawia juu, halafu akakaanga kwa nazi?"

"Basi amechanganya sukari na sukari, akazikaanga kwa ndugu yake mgando. Huyo nani, mwenye akili hizo?"

Benchi zima lilicheka. Mama Pacha naye alicheka, kwa sababu asiyecheka ndiye angejulikana. Aliketi, uso unamwaka, akaviona vile vijiko vyake vya asali vilivyokuwa vinamwagika, kimoja baada ya kingine, kila asubuhi. Alijichukia pale alipokaa.

Baadaye alimvuta muuguzi pembeni akamweleza habari ya lengelenge, akisema ni la shemeji yake. Muuguzi aliacha utani. "Kidonda kinachouma hakinitishi. Kisichouma ndicho kinachonitisha. Mlete wiki hii hii, na asiukanyagie huo mguu mpaka upone. Akiukanyagia, tutaanza na kidole, na sijui tutaishia wapi."

Mwalimu alitoka akichechemea, bendeji mpya. "Nimepitwa na nini, mwanangu? Nimesikia mnacheka."

"Mambo ya mafuta tu, Mwalimu," Mama Pacha alijibu.

*

"Nani kasema?" Fundi aliuliza.

"Muuguzi."

"Muuguzi amewahi kukanda unga?"

"Baba Pacha, hili si suala la unga. Kasema yote ni sukari. Asali, kahawia, nyeupe, damu haichagui."

Fundi alikuwa ameketi kitandani, mguu umewekwa juu ya ndoo ya mgando. Lengelenge lilikuwa limechubuka lote na chini yake nyama ilikuwa na rangi isiyopendeza.

"Kwa hiyo hivi vyote nilivyokula nilikuwa najilisha sumu mwenyewe."

"Na mimi nimekukorogea."

Ilikuwa ni kumwambia tugawane kosa, lakini yeye alisikia lawama. Alisimama, akaukanyagia mguu ule kwa nguvu zote, kwa makusudi, kumwonyesha. "Unaona? Hauumi! Nimetengeneza vitu vya watu tangu sina ndevu. Keki ya Tajiri, mkate wa Tajiri, jina la Tajiri. Hiki ni changu. Umesikia? Hiki kimoja ni changu, na wewe unatoka kliniki kuja kunicheka."

"Sijakucheka."

"Walikucheka huko, ukacheka nao. Nakujua."

Alimjua kweli. Mama Pacha akaokota soksi.

"Basi usiende kazini mpaka upone," alisema kwa sauti ya chini. "Sema una homa."

"Nikilala, nani atasimama kwenye tanuri?"

"Watamtafuta mtu."

"Na huyo mtu atalala wapi, Mama Pacha?"

Pacha waliingia wakigombania kamba ya kurukia, wakawakuta wazazi wao mmoja ameshika soksi na mwingine anatazama sakafu, pale penye alama za kitanda cha yule aliyetangulia. Fundi akaketi tena, akanyoosha mguu avishwe. "Baada ya Jumamosi," alisema. "Nakuapia. Baada ya Jumamosi nitakwenda."

*

Kesho yake Mama Pacha alichota sukari kwenye kiroba, akajaza mfuko, akaenda nao kwa muuza mboga wa kona abadilishane mboga. Alikuwa amejipangia maneno ya heshima njiani, lakini yule mama alipouona mfuko tu akainua mkono.

"Bekari tena? Jamani, nyie watu wa bekari mtaniua. Asubuhi kaja mke wa mkandaji unga, na mpakizi naye kaja. Sasa mimi mchicha wangu niumwagilie sukari?"

"Nipe chochote, dada. Kunde, bamia, chochote. Nina mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?"

Mama Pacha alisita. "Wa kisukari."

Muuza mboga alimtazama yeye, akautazama mfuko, na wateja wawili waliokuwa wakichagua nyanya wakageuka kutazama pia. Mama yule alimfungia fungu la mchicha uliokwisha kulala, akamsukumia. "Chukua. Na sukari yako rudi nayo." Kuipokea huruma ile kulimuuma kuliko kama angetukanwa. Aliupokea mchicha na akasema asante, kwa kuwa mgonjwa halishwi aibu.

Kutoka pale alipiga moyo konde, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Tajiri.

Tajiri hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Alikuwa mpole, na alikuwa na tabia ya kuushika mkono wa mtu anayezungumza naye na kutouachia mpaka mazungumzo yaishe. Pacha walipozaliwa ni gari lake lililowatoa hospitali. Alimkalisha Mama Pacha kwenye kiti kizuri akaushika mkono wake.

"Sema, mama. Nyie ni familia."

"Tajiri, nimekuja kuomba. Ule mgawo wa sukari na mgando... kama ingewezekana utugeuzie. Utupe fedha kidogo badala yake. Daktari kamkataza Fundi vile vitu, na vimejaa nyumbani, na mboga hatupati."

Tajiri alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Mama, nina aibu. Kweli nina aibu. Mtu anatengeneza donati za afya, na mimi nampa mgonjwa wangu sukari nyeupe! Ningekuwa na akili ningeliona mwenyewe." Alifungua mlango akawaita watu wa stoo. "Kuanzia mwezi huu, nyumba ya Fundi wapeni sukari ya kahawia na mafuta ya nazi. Ni ghali, lakini potelea mbali."

"Tajiri, si hivyo. Nilikuwa nasema..."

"Usinishukuru." Macho yake yalikuwa yamelowa. "Mama yangu aliondoka na ugonjwa huohuo. Siku ya mwisho aliniomba kitu kitamu nikamnyima, maana madaktari walikataza. Kila nikimwona mume wako na zile donati namwona mama. Jumamosi kwangu si biashara, mama. Unanielewa?"

Mama Pacha alitaka kumwambia habari za muuguzi, za lengelenge, za mguu usiosikia. Maneno yalifika kwenye meno. Lakini mkono wake ulikuwa bado umeshikwa, na nyuma ya bega la Tajiri, kwenye ukuta, ufunguo wa akiba wa chumba chao ulikuwa ukining'inia kwenye msumari, ukiwa na kibandiko kilichoandikwa TANURI.

"Ninakuelewa," alisema.

Kiroba cha sukari ya kahawia kilifika kabla hajafika yeye. Kilikuwa kimeegeshwa mlangoni, na ikabidi pacha waliokuwa ndani wakisukume ndipo mlango ufunguke.

*

Jumamosi bekari ilijaa watu mpaka nje. Bango la kijani lilikuwa juu, meza imetandikwa kitambaa cheupe, na donati zimepangwa kwenye sinia zikimeta. Tajiri alikuwa amemvalisha Fundi kofia mpya ya mpishi, koti jipya na viatu vyeupe vya kufunga kamba, vipya pia, vilivyombana. Asubuhi Mama Pacha ndiye aliyeufunga ule mguu. Aliufunga kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nyingi, akakaza kamba, wala Fundi hakuguna. Kilichomtesa Mama Pacha ni kule kutoguna. Angetoa chochote amsikie akisema ah.

Fundi alisema maneno yake vizuri. Alikuwa amejifunza wiki nzima. Alisema mimi ni mgonjwa kama nyie, akaeleza alivyoteseka na chai chungu, akaeleza asali na nazi, na sauti yake ilikuwa na fahari ya mtu anayeonyesha mtoto wake. Watu walipiga makofi. Mama Pacha, ambaye Tajiri alimtaka asimame kando ya sinia kama mke wa Fundi, alipiga makofi pia.

Kisha Mwalimu akajitokeza mbele, bendeji imevishwa soksi ya sufu kwa heshima ya siku hiyo, pochi mkononi. Alimpita Tajiri, akampita Fundi, akasimama mbele ya Mama Pacha.

"Mwanangu, hawa wanaume wana maneno. Wewe ndiye unayeishi na mgonjwa. Niambie wewe. Nile?"

Watu walinyamaza wapate kusikia, kwa tabasamu, maana walidhani wanajua jibu. Mama Pacha alitazama miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitazama mguu wenye soksi ya sufu na nafasi bapa palipokuwa na kidole kidogo. Kulia kwake Tajiri alikuwa akimtikisia kichwa kumpa moyo. Alifikiria chumba, akafikiria pacha walivyolala wamejikunyata mlangoni, na akajua kwamba akinyamaza sasa hatakaa aisikie sauti yake mwenyewe bila kuichukia.

"Usile, Mwalimu," alisema. "Ni sukari ileile."

Hakulisema kwa sauti kubwa, lakini walisikia. Mnong'ono ukapita mpaka nje barabarani. Tabasamu la Tajiri halikuondoka. Lilibaki mdomoni, macho ndiyo yaliyoondoka. Alimgeukia Fundi akamtazama, akasubiri.

Fundi alicheka. Alicheka kicheko kikubwa cha tumboni ambacho mke wake hakuwahi kukisikia.

"Jamani, msimsikilize huyu! Huyu anataka zibaki zirudi nyumbani. Kila siku tunagombania!"

Alichukua donati juu ya sinia, akaiinua watu waione, akaila. Aliila yote, kwa kuuma mara chache, asali ikimtiririka kidevuni. Akachukua ya pili. "Mnaniona? Mgonjwa ni mimi. Na nimesimama kwa miguu yangu." Akapiga hatua za ngoma, mbele na nyuma, akatua kwa kishindo kwa mguu wa kushoto. Watu waliangua kicheko, mtu akapiga mluzi, na mikono ikaanza kunyooshwa kuelekea kwenye sinia.

Mwalimu alimtazama Mama Pacha, akamtazama Fundi, akafungua pochi. "Mwenyewe anakula," alisema, kama anayeomba radhi. "Nipe nne, mwanangu."

Ujasiri aliokuwa nao Mama Pacha ulikuwa wa sentensi moja, na alikwisha kuutumia. Mikono yake ikafunga donati nne kwenye karatasi, ikampa mteja.

"Ninyi wawili mtatuvunja mbavu," Tajiri alisema, na sasa macho yake yalikuwa yamerudi. Alimwambia mtu wa stoo alete kile alichokiandaa, na kikaletwa: kidumu cha asali kimefungwa utepe wa kijani. Alimkabidhi Mama Pacha kwa mikono miwili mbele ya watu wote. Kilikuwa kizito kuliko alivyotegemea. Alitakiwa aseme kitu, na watu walikuwa wakisubiri.

"Asante, Tajiri," alisema, akainama kidogo kwa heshima.

Alipoinama ndipo akaona. Kiatu cheupe cha kushoto hakikuwa cheupe tena. Doa lilikuwa limetoka kwenye kamba likashuka pembeni mpaka kwenye soli, la njano lenye wekundu katikati, na kwenye vigae pale alipocheza palikuwa na alama za mguu mmoja, mbele na nyuma, zenye majimaji. Watu walikuwa wanazikanyaga wakizidi kusogea mezani. Fundi alikuwa anatafuna ya tatu, anapokea mikono ya watu, anang'aa uso mzima.

"Unatazama nini wewe?" alimwuliza mke wake, bado anacheka.

"Mguu wako."

Alitazama chini, akitafuna.

"Una nini?" aliuliza.